Mkono Kwenye Breki ya Treni ya Kasi: Tathmini ya Simuleta Niliyoijaribu Nakuru

Kwa majuma matatu mfululizo nimekuwa nikipanda ngazi za jengo moja lisilo mbali na stesheni ya reli ya Nakuru, nikilipa shilingi 200 kwa kila nusu saa, ili nikae kwenye kiti kilichong'olewa katika matatu na kuendesha treni ya Ujerumani. Chumba chenyewe ni ukumbi wa michezo ya kompyuta, na wateja wake wengi ni vijana wanaocheza kandanda na mbio za magari. Kwenye kona ya ndani, hata hivyo, mwenye ukumbi ametengeneza meza ya dereva wa treni kwa mbao, akaiwekea skrini tatu, mipini mitatu, gurudumu dogo na pedali, kisha akaiunganisha na simuleta, yaani programu inayoiga uendeshaji wa treni halisi. Ninawaandikia wapenzi wa reli walio hapa Nakuru, Kisumu, Eldoret na kwingineko ambao wangependa kujua iwapo vidhibiti vya treni ya kasi katika programu kama hii vinafanya kazi kama vya treni yenyewe, maana hilo ndilo swali lililonipeleka pale, na ndilo ambalo matangazo huwa hayaligusi.

Jina la programu nitaliacha. Toleo lililomo ukumbini ni la zamani, lilikuja pamoja na kompyuta iliyokwisha kutumika, na haitakuwa haki kumlaumu mtengenezaji kwa makosa ambayo huenda ameyarekebisha. Tena baadhi ya kasoro nitakazozitaja zinatokana na meza ya mbao na nyaya zake, wala si programu. Jina la ukumbi nitaliacha pia. Aliye Nakuru akiulizia meza ya treni karibu na stesheni ataonyeshwa.

Ni vyema nieleze nimepima kwa kipimo gani, kwa sababu hapa kwetu hakuna treni ya kasi ya aina hiyo. Madaraka Express, iliyoanza safari za Mombasa na Nairobi mwaka 2017, hukimbia hadi kilometa 120 kwa saa. Majirani zetu wa Tanzania wamefika kilometa 160 kwa treni za umeme za Dar es Salaam na Dodoma zilizoanza kubeba abiria mwaka 2024, na ile yenye pua iliyochongoka wenyewe wameipa jina zuri la Mchongoko. Reli yetu ya Nakuru ni ile ya upana wa mita moja iliyofika Kisumu mwaka 1901, na treni ya abiria ya Kisumu iliyofufuliwa Desemba 2021 hupanda na kushuka milima yake kwa mwendo wa taratibu. Kwa hiyo nimetegemea mambo mawili. La kwanza ni maelezo ya jinsi treni za kasi zinavyoendeshwa, ambayo nimeyasoma kwa miaka mingi kwa mapenzi tu. La pili ni Mzee mmoja jirani yetu, dereva mstaafu aliyeendesha injini za dizeli kati ya Nakuru na Kisumu, ambaye nilimwomba aje akae kwenye kiti kile na kuniambia mikono yake inasikia nini.

Treni niliyoitumia zaidi ni ICE ya kwanza ya Ujerumani, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1991, kwenye reli ya kasi kati ya Kassel na Würzburg, ambayo ni sehemu ya reli ya Hannover hadi Würzburg. Treni hiyo ina vichwa viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, vyenye jumla ya kilowati 9,600, na ikiwa na mabehewa kumi na mawili katikati yake urefu hufika karibu mita 358. Iliundwa kuweza kufikia kilometa 280 kwa saa, ingawa katika safari za kila siku 250 ndiyo kasi ya kawaida. Kwa kilometa 250 kwa saa treni hukata karibu mita 69 kila sekunde. Dereva akiipunguza mwendo kwa nusu mita kwa sekunde katika kila sekunde, ambacho ni kiasi kisichowasukuma abiria kutoka vitini, atahitaji zaidi ya dakika mbili na karibu kilometa 4.8 hadi isimame: mizunguko kumi na miwili ya uwanja wa riadha, pungufu kidogo ya mbio nzima za mita 5,000. Huko Ujerumani taa ya onyo huwekwa kwa kawaida mita 1,000 kabla ya taa kuu, umbali uliopangwa kwa treni zisizozidi kilometa 160 kwa saa. Dereva wa ICE akingoja kuiona taa hiyo kwa macho ndipo afunge breki, atakuwa ameshachelewa kwa kilometa kadhaa.

Hesabu hiyo ndiyo inayofanya vidhibiti vya treni ya kasi viwe kama vilivyo, na ndiyo niliyoitumia kuipima simuleta. Wajerumani walilitatua tatizo kwa kulaza waya katikati ya reli mbili, waya unaopishana kila baada ya mita 100. Treni huhesabu mapishano hayo ili ijue iko wapi, na kituo cha udhibiti huiletea kupitia waya huo huo mambo matatu: kasi inayoruhusiwa sasa hivi, kasi inayolengwa mbele, na umbali uliobaki kufika pale penye lengo. Mfumo huo, unaojulikana kwa herufi LZB, ulionyeshwa hadharani mwaka 1965 treni zilipokimbia kilometa 200 kwa saa kati ya Munich na Augsburg, na kwenye reli ya Kassel na Würzburg ndio humwongoza dereva. Macho yake hukaa kwenye dashibodi kuliko yanavyokaa kwenye reli.

Hapa simuleta imefanya kazi nzuri mno, na ningependa kulieleza jambo hili kwa kirefu. Mwanzoni nilikuwa nikitazama nje, kama anavyofanya kila mtu anayeketi pale kwa mara ya kwanza, nikivutiwa na mashamba na midomo ya mahandaki. Siku ya tatu nilipokuwa nashuka kuelekea Fulda, tarakimu za umbali kwenye dashibodi, ambazo kwa dakika nyingi zilikuwa zimetulia, zikaanza kupungua, na kasi lengwa ikabadilika kuwa sifuri. Nje hapakuwa na dalili yoyote. Reli ilikuwa imenyooka na anga lilikuwa jeupe. Kisha mshale wa kasi inayoruhusiwa ukaanza kurudi nyuma polepole kwenye spidomita, 250, 245, 238, na wangu ukiwa bado mahali pake. Pengo kati ya mishale hiyo miwili ndilo lililonifundisha ninachofanya pale. Nilivuta breki, mshale wangu ukaufuata ule mwingine ukiwa nyuma yake kidogo, na tukashuka nao pamoja, mmoja ukiongoza na mwingine ukitii, hadi taa nyekundu ilipojitokeza mbele zikiwa zimebaki mita mia chache tu na treni ikiwa imeshachoka. Programu iliyotengenezwa kwa haraka ingeniwekea alama ya kikomo kwenye kioo kama mchezo wa magari. Hii imenipa mkondo wenyewe wa breki, unaopinda jinsi unavyopinda kwenye treni halisi, na ukiuvuka hukata nguvu na kufunga breki bila kuomba ruhusa.

Mzee alipokaa kitini, alitaka kwanza kujua breki. Hakuuliza kasi ya mwisho ni ngapi. Alimtazama kijana anayesimamia meza ile akamwuliza, "Nani amepima breki za treni hii?" Kijana akajibu kwa adabu, "Mzee, haina haja, inatoka tu." Mzee akaondoa mikono kwenye mipini na kuiweka mapajani. "Basi mimi sitoki, kijana wangu." Tulilazimika kufungua menyu na kuanza upya, treni ikiwa imezimwa kabisa, ili awashe betri, ainue pantografu, yaani mkono wa juu ya paa unaopokea umeme kutoka kwenye waya, afunge swichi kuu, asubiri hewa ijae hadi bomba kuu la breki lifike shinikizo la baa 5, ndipo ashushe hewa kidogo, atazame mita, airudishe, na aridhike. Ilichukua dakika kumi na mbili za muda tuliolipia, na sikujutia hata moja. Simuleta inaziruhusu hatua hizo zote na kwa mpangilio unaoeleweka, isipokuwa haimlazimishi mtu kuzifuata, na ukiziruka treni huondoka bila kulalamika. Kwangu hilo ni pungufu. Treni ambayo breki zake hazijapimwa haistahili kuondoka, hata ikiwa ya picha.

Kuhusu breki yenyewe, ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kwingine. Breki ya hewa hufanya kazi kinyume na inavyodhaniwa: bomba kuu likijaa hewa breki huachia, na likipungua hewa breki hufunga, ili treni ikikatika vipande viwili kila kipande kijisimamishe. Katika utaratibu wa Ulaya bomba hukaa kwenye baa 5, na breki kamili ya kawaida hupatikana likishuka hadi 3.5. Silinda za breki, yaani vyombo ambavyo hewa ikijaa ndani yake ndipo breki hubana, zina muda wake uliowekwa. Kwenye mpango wa treni za abiria hujaa kwa sekunde 3 hadi 5 na kuachia kwa sekunde 15 hadi 20, ilhali kwenye mpango wa treni za mizigo hujaa kwa sekunde 18 hadi 30. Dereva aliyezoea mizigo ya kushuka Mau anaijua tofauti hiyo kwa mgongo wake. Mzee alivuta mpini, akahesabu kwa sauti, na alipofika nne sindano ya silinda ikawa imekwisha simama. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha akarudisha mpini, na hapo ndipo tulipoiona kasoro kubwa kuliko zote. Breki ziliachia mara ile ile, kama mtu aliyefungua kiganja. Akarudia mara tatu, kwenye kasi ya 200, ya 120 na ya 40, na kila mara ikawa hivyo hivyo. Naelewa kwamba kwenye treni za kisasa za abiria amri ya breki husaidiwa na umeme ili mabehewa yote yaitikie kwa pamoja, na kwamba muda wa kuachia unaweza kupunguzwa. Lakini hewa iliyojaa kwenye silinda inahitaji mahali pa kutokea na muda wa kutoka, na hakuna mfumo unaoifanya iyeyuke papo hapo. Kasoro hiyo ina madhara makubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu inamfundisha mtu kucheza na breki kama anavyocheza na pedali ya gari dogo, afunge, aachie, afunge tena, akijua atasamehewa. Mzee aliliona hilo kwenye mikono yangu kabla sijaliona mwenyewe. "Usiiambie treni mara mbili," aliniambia. "Iambie mara moja, halafu ungoje." Tangu siku hiyo najilazimisha kuhesabu hadi kumi na tano kila ninapoachia breki, ingawa programu hainidai, na ninasimama vizuri zaidi kwenye majukwaa kuliko nilivyokuwa nikisimama hapo awali.

Breki ya umeme imetendewa haki. Kwenye ICE mota zinaweza kugeuzwa kuwa jenereta, zikaipunguza treni mwendo na kurudisha umeme kwenye waya wa juu, na dereva huitumia hiyo kwanza kabla ya kugusa breki za diski. Breki za sumaku zinazoshuka na kung'ang'ania reli huachiwa dharura. Simuleta imetenganisha mambo hayo matatu. Mpini mmoja wa meza ni wa breki ya umeme, mwingine ni wa hewa, na kipimo cha nguvu kinaonyesha ni upande upi unaofanya kazi. Mzee alikuwa na breki ya mota kwenye injini zake za dizeli pia, lakini ile huugeuza umeme kuwa joto na kulipuliza nje kwa feni, kwa hiyo alifurahi sana kuona sindano ikionyesha umeme unarudi juu. Aliniomba nisimamishe programu ili aitazame vizuri.

Lipo jambo la AFB, ambalo wateja wengi wa ukumbi hawalijui, ingawa linabadilisha kila kitu. Hiki ni kidhibiti cha mwendo: dereva huchagua kasi kwa mpini wake maalumu, na treni hujipa nguvu na breki yenyewe ili kuifikia na kuishikilia. Ikiunganishwa na LZB, hufuata kasi inayoruhusiwa yenyewe, hupunguza mbele ya kikomo na kuongeza baada yake, na hilo ni kweli kwenye treni halisi. Kwenye meza yetu huachwa ikiwa imewashwa tangu asubuhi, ili kijana aliyelipa nusu saa afike 250 bila usumbufu. Matokeo yake ni kwamba watu huondoka wakisema treni ya kasi haina kazi. Ninamsihi kila atakayekwenda amwombe msimamizi aizime, aendeshe kwa mikono walau saa mbili za kwanza, ndipo aiwashe. Atakayeiwasha baada ya hapo ataona ilivyo werevu, kwa sababu atajua ni kazi gani inamfanyia. Aliyeanza nayo hatakuwa ameendesha chochote.

Tena programu inaiiga vizuri pale AFB inapomwacha mtu. Waya wa LZB unapokwisha, ujumbe wa mwisho hutokea kwenye dashibodi, na dereva hulazimika kuuthibitisha kwa kitufe, kisha mfumo wa zamani wa sumaku, uitwao PZB, hushika usukani wa usalama. Kwenye PZB, ukipita taa ya onyo iliyofungwa una sekunde 4 za kubonyeza kitufe kukiri kwamba umeiona, kisha kwa treni ya aina hii sekunde 23 za kushuka hadi kilometa 85 kwa saa. Mara ya kwanza nilibonyeza kwa wakati lakini nikasahau hesabu ya pili, breki ya dharura ikafunga, na treni ikasimama katikati ya shamba la ngano la Ujerumani huku vijana wa meza ya kandanda wakigeuka kuona ni nini kimelia. Ukali huo nimeupenda. Hakuna onyo la ziada, wala maandishi ya kukuelekeza juu ya skrini ukishayazima kwenye menyu.

Pedali ndiyo inayoniumiza, na hapa lawama ni ya meza, si ya programu. Kifaa cha kuhakikisha dereva yu macho, ambacho Wajerumani hukiita Sifa, hufanya kazi hivi: dereva hukanyaga pedali na kuendelea kuikanyaga, na ndani ya kila sekunde 30 sharti ainue mguu kidogo na kukanyaga tena. Asipofanya hivyo taa huwaka, sekunde 2.5 baadaye kengele hulia, na sekunde nyingine 2.5 zikipita breki ya dharura hufunga. Akiinua mguu na kuuacha juu, kengele pia humjia upesi. Mantiki yake iko wazi, kwani aliyezimia anaweza kuanguka akiwa ameuondoa mguu au akiwa ameubana palepale, na vyote viwili lazima vigunduliwe. Sasa, mwenye ukumbi ametumia pedali ya cherehani ya umeme, ubunifu ambao naupongeza kwa dhati, ila ameiunganisha ili itume ishara pale tu inapokanyagwa. Mtu anaweza kuweka mguu sakafuni kwa sekunde 29, akagusa pedali mara moja, na kuendelea kustarehe. Huo ni mwendo wa mguu ulio kinyume kabisa na wa dereva wa kweli, na kwa kuwa ni jambo linalorudiwa mara mbili kila dakika, ndilo ambalo mwili hujifunza zaidi kuliko yote. Nilimweleza mwenye ukumbi, nikamchorea swichi inayotoa ishara wakati wa kuachia badala ya wakati wa kukanyaga, naye akaichukua karatasi na kuihifadhi kwenye droo ya pesa.

Nimeendesha pia TGV ya Ufaransa kwenye reli ya kuelekea Marseille iliyofunguliwa Juni 2001, lakini kwa muda mfupi zaidi, na maoni yangu juu yake ni machache. Gurudumu dogo la mezani ni la treni hiyo: TGV za vizazi vya mwanzo hudhibitiwa nguvu kwa gurudumu lililolala mbele ya dereva, na kulizungusha taratibu kuna utamu ambao mpini hauna. Ishara za ndani ya kebini ni nzuri. Kasi huonyeshwa kwa tarakimu, na tarakimu ikianza kumeta dereva anajua kwamba sehemu inayofuata inaweza kumtaka apunguze. Programu imeuweka umetaji huo kwa wakati wake, na kwa kilometa 300 kwa saa, yaani mita 83 kila sekunde, unapewa muda wa kutosha ikiwa tu hukuwa ukitazama bahari. Karibu na Marseille reli ya zamani ina umeme wa volti 1,500 wa mkondo mnyoofu na reli ya kasi ina volti 25,000 za mkondo geu, kwa hiyo pantografu hushushwa na kubadilishwa baina ya mifumo hiyo. Kwenye meza yetu kazi yote hiyo imefungwa ndani ya kitufe kimoja, na sikuona sababu. Aliyejali kuweka umetaji wa tarakimu angeweza kutupa pia swichi mbili za pantografu.

Sauti ni nzuri, hasa ndani ya mahandaki, na reli ile ya Hannover hadi Würzburg ina zaidi ya 60, likiwemo la Landrücken lenye urefu wa mita 10,779, ambalo kwa kilometa 250 kwa saa huchukua zaidi kidogo ya dakika mbili na nusu. Picha ni za wastani. Skrini ya kushoto huchelewa nyuma ya nyingine mbili kila treni inapoingia mji mkubwa, jambo linalochosha macho, ingawa haliathiri uendeshaji kwa sababu kama nilivyosema kazi iko kwenye dashibodi. Kwa wanaouliza kama mtu anaisikia kasi: haisikiki sana, na nadhani ndivyo ilivyo sahihi. Ukiwa juu ya reli iliyonyooka yenye pinda pana, 250 huonekana kama utulivu, tofauti na basi linaloteremka Salgaa kwa 80. Kinachokuonyesha ulivyo mwendo ni tarakimu za umbali zinavyoanguka unapofunga breki na kuona kilometa nzima imeisha kabla hujameza mate.

Kwa hiyo ninaipendekeza, kwa masharti. Anayetaka kujifunza treni ya kasi inavyofikiri, LZB na PZB za programu hii zinamtosha, na sidhani kuna mahali pengine hapa mjini atakapozipata kwa shilingi 200. Anayetaka kujizoeza mikono na miguu, aijue kasoro ya kuachia breki na ile ya pedali, na ajirekebishe mwenyewe kwa kuhesabu. Aende asubuhi siku za kazi, kabla shule hazijafungwa kwa siku, maana baada ya saa kumi meza ya kandanda hujaa na kengele ya onyo haisikiki vizuri katikati ya makelele. Aombe AFB izimwe na treni ianzie kwenye hali ya kuzimwa kabisa, na kama msimamizi atasema muda utapotea, amlipe nusu saa ya pili.

Mwenye ukumbi ametuarifu kwamba atapakua toleo jipya juma hili na kwamba fundi amekwisha kuipata swichi ya pedali. Tumeweka nafasi ya Jumamosi saa tatu asubuhi, ICE, Kassel hadi Fulda. Mzee atakaa kitini, nami nitakaa kando nikiwa na saa mkononi, nihesabu sekunde tangu arudishe mpini hadi sindano ya silinda ifike sifuri.